Mtu wa Kwanza Kufika

Kila Jumamosi saa nane mchana, Vroni Ebner alikuwa amekwisha kukaza kamba za viatu vyake vizito na kusimama mlangoni mwa kituo cha zimamoto cha Kaltenwies. Mvua inyeshe, jua liwake, wenzake wawe bado mezani wakimalizia chakula, yeye alikuwa pale. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika kikosi cha watoto hapakuwa na mtu aliyemshinda kuunganisha mipira ya maji.

Kituo hicho hakikuwa na mtu hata mmoja wa kulipwa mshahara. Kamanda wake, Hubert Achleitner, alikuwa mtengenezaji wa jibini. Mama yake Vroni, Gerlinde, alifundisha darasa la pili, na alikuwa miongoni mwa wachache waliofunzwa kubeba mtungi wa hewa mgongoni na kuingia ndani ya moshi. Kinyozi alikuwepo, mwokaji mikate alikuwepo, hata mpiga kinanda wa kanisani. King'ora kikilia, kila mmoja aliacha alichoshika na kukimbia. Wakati mmoja kinyozi alimwacha mteja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa, na mteja mwenyewe hakulalamika, kwa kuwa moto ulikuwa kwa binamu yake.

Aliyewafundisha watoto ni Korbinian, mtoto wa kamanda. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi katika kiwanda cha kupasua mbao, mrefu, mwenye masihara mengi.

"Vroni, hapo umefunga au umebembeleza?" aliuliza Jumamosi ile ya mwanzo wa Juni, akiinama kukagua kiungo cha mpira.

"Nimefunga, Kaka Korbi. Vuta uone."

Korbinian akavuta kwa nguvu zake zote. Kiungo hakikutikisika.

"Mmeona? Sasa njooni mwangalie cha Quirin. Kinavuja kama pua yake."

Watoto wakaangua kicheko. Quirin, aliyekuwa na mafua tangu Pasaka, akafuta pua kwa mkono wa shati. "Lazima amsifu Vroni," alinung'unika. "Si ndiye msimamizi wake!"

Ni kweli. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya askofu kuja kutoa Kipaimara, na kila mtoto alitakiwa kuchagua mtu mzima wa kusimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Padri Severin aliwaambia wachague mtu ambaye wangependa kuifuata imani yake. Vroni hakufikiri mara mbili. Mwezi uliopita, ghala la majani makavu la kule bondeni liliposhika moto, nani alifika wa kwanza? Korbinian. Nani alipanda ngazi huku wengine wakikohoa? Korbinian. Picha yake, uso mweusi kwa masizi na meno meupe, ilitoka gazetini, na mwokaji mikate akaibandika kwenye dirisha la duka lake. Kila Vroni alipotumwa mkate aliitazama, akajiambia moyoni, "Huyo ni wangu."

Jumanne iliyofuata, baada ya shule, mama yake alimpa keki ya tofaa iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mpelekee Bi Afra. Umsalimie, na usiile njiani."

"Mama! Niliila mara moja tu, tena nilikuwa na miaka sita."

"Kwa hiyo najua unaweza."

Bi Afra alikuwa mjane wa miaka sabini na minane aliyeishi peke yake katika shamba la juu kabisa, pale barabara inapoishia msituni. Njia ya mkato ilipita nyuma ya ghala la jirani yake, Mzee Lorenz. Vroni alipolikaribia ghala hilo, aliona pikipiki imelazwa kwenye majani marefu. Aliitambua mara moja. Kisha mlango mdogo wa nyuma ukafunguka, na Korbinian akatoka kinyumenyume, kama mtu anayefunga chumba alicholala mtoto mchanga.

"Kaka Korbi!"

Korbinian aligeuka haraka. Kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Halafu tabasamu likarudi.

"Ah, Vroni. Umenishtua, wewe!"

"Unafanya nini huku?"

"Napima joto la majani. Yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu hupata moto yenyewe, si niliwafundisha?"

Aliwafundisha, ni kweli. Aliwafundisha pia kwamba joto hupimwa kwa fimbo ndefu ya chuma yenye kipimo kwenye mpini. Korbinian hakuwa na fimbo yoyote. Mikononi alivaa glavu zake za kazini, na glavu zilinuka mafuta ya msumeno wa injini.

"Usimwambie mtu kwamba umeniona," alisema, akiinua pikipiki. "Mzee Lorenz atafikiri namtilia shaka. Unajua alivyo mkali. Sawa?"

"Sawa," alijibu Vroni.

Alifika kwa Bi Afra. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni, na kikongwe akaitikia kutoka jikoni, "Milele amina, ingia, miguu ufute!" Wakakata keki. Vroni alikuwa amemeza tonge la pili tu, king'ora cha kijiji kilipoanza kulia. Wote wawili wakakimbilia dirishani. Moshi mzito wa kijivu ulikuwa ukipanda kutoka ghala la Mzee Lorenz.

Vroni alikiweka kipande chake cha keki dirishani.

"Ee Mungu wangu," alisema Bi Afra. "Wiki tatu tu, na mwingine tena!" Kisha akamtazama mtoto. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Kaa chini. Hatuko hatarini, upepo unakwenda upande wa pili."

Vroni hakukaa. Aliona gari jekundu likipanda kilima, na kabla halijasimama sawasawa, mtu mmoja akaruka chini na kuanza kukimbia na mpira. Hata kwa mbali alimjua kwa mwendo wake. Alifika wa kwanza.

Siku zile zilizofuata, Vroni alitembea kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua ni nani aliyempiga. Alijaribu kujieleza jambo lile kwa namna kumi. Labda fimbo ya kupimia ilikuwa ndani ya ghala. Labda majani yalikuwa yamekwisha kupata moto, na yeye alichelewa kidogo tu. Labda harufu ile ilikuwa ya kiwandani. Kila alipomaliza kupanga maelezo yake vizuri, aliuona tena ule uso, kabla tabasamu halijarudi.

Ijumaa, katika mafundisho ya Kipaimara, Padri Severin aliwaletea mgeni.

"Leo tunazungumza juu ya wito," alisema padri. "Mnadhani Mungu huwaita mapadri na masista peke yao. Sikilizeni basi kijana huyu."

Mgeni alikuwa Korbinian. Alisimama mbele yao katika sare iliyopigwa pasi, akaeleza jinsi alivyosimama mbele ya kituo alipokuwa na miaka saba na kusoma maneno yaliyoandikwa juu ya mlango: Kwa heshima ya Mungu, kwa ulinzi wa jirani. "Nilihisi ni mimi ninayeambiwa," alisema. "Tangu siku hiyo, king'ora kikilia, nasikia kama naitwa kwa jina langu."

Watoto walipiga makofi. Quirin alipiga kuliko wote. Vroni aliitazama meza, na mikono yake ikakataa kuinuka.

Baadaye, Korbinian alimfuata kwenye ngazi za nje. Akatoa kijisanduku mfukoni. Ndani yake mlikuwa na saa ndogo ya fedha, kama ile ambayo msimamizi humpa mtoto wake siku ya Kipaimara.

"Najua ni mapema. Lakini nimeshindwa kungoja."

"Kaka Korbi…" Vroni alianza.

"Nini?"

Alikuwa akimtazama kwa macho ya upole, yale yale ya siku zote. Vroni angeuliza nini? Uliwasha wewe? Mtu anamwulizaje hivyo mtu anayempenda?

"Asante," alisema. Saa ile aliificha kwenye droo ya soksi.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kijiji kizima kilitoka kwa maandamano. Wasichana wadogo walimwaga maua njiani, bendi ilipiga, Padri Severin alibeba Ekaristi Takatifu chini ya mwavuli wa dhahabu, na nyuma yake wazimamoto walitembea kwa sare, Korbinian akiwa mbele na bendera. Baada ya Misa, meza ndefu zilipangwa uwanjani. Watu walikula soseji, viazi na kabichi. Baba yake Vroni, dereva wa treni, alikuwa zamu siku hiyo, kwa hiyo Vroni aliketi na mama yake tu.

Saa nane kasorobo, Vroni aligundua kwamba kiti cha Korbinian kilikuwa kitupu.

Alisema moyoni: Amekwenda chooni. Alihesabu hadi mia moja. Alihesabu tena. Bibi mmoja alikuwa akimsimulia mama yake habari za mguu wake, na Vroni akauvuta mkono wa mama.

"Mama, nataka kukuambia kitu."

"Ngoja kidogo, mwanangu, Bibi anazungumza."

Angeweza kuvuta tena. Aliuachia ule mkono. Dakika kumi baadaye Korbinian alirudi kutoka upande wa nyuma ya kanisa, akaketi, akajimiminia maji. Na king'ora kikalia.

Lilikuwa zizi la Bi Afra.

Watoto wa kikosi hawaruhusiwi kuukaribia moto. Kazi yao ni kuwazuia watu barabarani. Vroni na Quirin walivaa vizibao vya njano wakasimama penye lango la shamba. Paa lote la mbao lilikuwa linafuka, na juu, kwenye dari lililojaa majani makavu, miali ilikuwa imeanza kulamba madirisha.

"Afadhali ng'ombe wake wengi wako malishoni mlimani," alisema Quirin. "Na mwenyewe yuko sherehe—"

"Hayuko!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma yao. "Bi Afra aliondoka mapema, goti linamuuma! Nimemwona akiingia zizini kuwafungua wale ng'ombe wawili!"

Korbinian alikuwa hatua chache kutoka hapo, akivuta mpira. Vroni alimwona alivyosimama ghafla. Uso wake ulipauka wote. Kisha akautupa mpira.

"Baba!" alimwita kamanda. "Kuna mtu ndani! Kuna mtu ndani!"

"Vaeni mitungi!" Kamanda Hubert alijibu. "Gerlinde, Korbi na mwokaji, ingieni kwa mlango wa ng'ombe. Msiachane!"

Mama yake Vroni alivaa barakoa, akakaza mikanda ya mtungi, akainama na kumezwa na moshi. Hakugeuka nyuma. Vroni alishika lango kwa mikono miwili. Alitaka kusali na hakupata neno hata moja. Alichoweza kusema ni "tafadhali", mara nyingi mfululizo, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kujua.

Mwokaji alitoka wa kwanza akiwa amembeba Bi Afra mikononi kama gunia jepesi. Kikongwe alikuwa akikohoa na kugombana: "Ng'ombe wangu! Niacheni, ng'ombe wangu!" Watu wakapiga kelele za furaha. Na papo hapo dari likaporomoka.

Vroni hatausahau mshindo ule. Cheche ziliruka juu kuliko mti wa msonobari. Korbinian alikuwa amekwisha kufika mlangoni, yuko nje, salama. Aligeuka, akaona kwamba nyuma yake hapana mtu, na kabla baba yake hajasema lolote, akarudi ndani.

Zilipita dakika mbili. Quirin alimshika Vroni mkono na hakuna aliyemcheka. Halafu Korbinian alitokea akitambaa kinyumenyume, akimburuta Gerlinde kwa mikanda ya mtungi wake. Walipomwondolea mama barakoa, alifungua macho, akasema, "Bega," kisha akazimia.

Watu walipiga makofi. Korbinian alipiga magoti kwenye matope, kofia ya chuma pembeni, akalia kwa kwikwi kama mtoto. "Shujaa wetu anawalilia wenzake," alisema mtu mmoja kwa sauti iliyojaa machozi. Ni Vroni peke yake aliyedhani anajua Korbinian analilia nini.

Asubuhi iliyofuata, baba alimpeleka Vroni hospitali mjini. Mama alikuwa amelala na bega lililofungwa kwa chuma na bandeji. Shingo yake ilikuwa imeungua upande mmoja. Ng'ombe wote wawili wa Bi Afra walikufa. Baba alipotoka kwenda kuzungumza na daktari, mama alitabasamu kwa shida.

"Ukirudi nyumbani, uwashe mshumaa kanisani kwa ajili ya Korbi. Bila yeye, leo ungekuwa unanililia."

"Mama, ni yeye aliyewasha."

Maneno yalitoka yenyewe, bila kupangwa.

"Aliyewasha mshumaa?"

"Aliyewasha moto."

Mashine iliyokuwa kando ya kitanda ililia taratibu, ti, ti, ti. "Sema tena," alisema mama. "Sema polepole, na useme ulichokiona tu, si unachokifikiri."

Vroni alisema. Pikipiki kwenye majani, mlango wa nyuma, glavu, fimbo ambayo haikuwepo, kiti kitupu.

"Kwa nini hukuniambia Jumanne ile?"

"Kwa sababu nampenda. Na niliogopa kwamba nimekosea. Na niliogopa zaidi kwamba sijakosea." Akajifuta pua. "Ningesema, usingeungua. Ng'ombe wa Bi Afra wasingekufa."

"Sikiliza. Moto hukuuwasha wewe. Ulinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kosa, na umelitubu sasa hivi kwa kusema. Yaliyobaki si mzigo wa mtoto."

"Lakini alikuokoa, Mama."

"Aliniokoa. Na aliwasha. Yote mawili ni kweli, Vroni, wala moja haliwezi kulifuta lingine." Akafumba macho kidogo. "Nipe simu. Nimpigie Hubert."

Kamanda alifika kabla ya saa sita, akiwa amebeba kipande cha jibini kilichofungwa kwa karatasi. Alidhani ameitwa kumwona mgonjwa. Gerlinde akamwomba aketi, akamwambia Vroni arudie.

Vroni aliona uso wa mzee yule ukibadilika rangi, ukawa mwekundu, kisha wa kijivu. Alisimama kabla hajamaliza kusikiliza.

"Mtoto, unajua unachokisema? Unamsema nani, unajua? Jana amerudi ndani ya moto kwa ajili ya mama yako!"

"Najua, Kamanda."

"Jumanne ile alikuwa kiwandani! Aliniambia mwenyewe kwamba—" Akakatisha. Jibini lilimponyoka, likaanguka sakafuni. Hakuinama kuliokota. Aliketi tena, polepole, kama mtu aliyezeeka katikati ya sentensi.

"Galoni ya mafuta ya msumeno," alisema kwa sauti ndogo. "Kule bandani kwangu. Imekuwa ikipungua tangu Mei. Nilijiambia msumeno umeharibika, unakunywa sana." Alijifunika uso kwa viganja. "Nilijiambia hivyo mara tatu."

Vroni alikuwa hajawahi kumwona mwanamume mzima akiogopa kuinua macho.

"Utafanya nini, Hubert?" Gerlinde aliuliza kwa upole.

"Nitakwenda kumwuliza mwanangu," alijibu. "Na akiniambia ndiyo, nitamsindikiza."

Alasiri ile, watu waliokuwa wakisafisha uwanja wa sherehe waliwaona baba na mwana wakitembea kwa miguu kuelekea kituo cha polisi. Hawakuzungumza. Kamanda alikuwa amemshika Korbinian mkono, si kama mtu anayemkamata mwizi, bali kama unavyomshika mgonjwa asianguke. Korbinian aliwaambia polisi yote. Maghala mawili na zizi, yote ni yeye. Siku ya pili polisi mmoja wa kike alikuja nyumbani kwa akina Vroni kuandika maelezo yake, na Vroni akampa pia ile saa ya fedha ili imrudie mwenyewe.

Kijiji kilipigwa na butwaa. Katika duka la mikate watu walisimama na vikapu vyao bila kununua. Picha ya gazeti ilibanduliwa dirishani, na kioo kikabaki na alama nne za gundi zilizokataa kutoka. Wengine walisema haiwezekani. Wengine, baada ya kukubali kwamba inawezekana, walimtafuta wa kumkasirikia.

"Umemsaliti," Quirin alimwambia Vroni kwenye uwanja wa shule, mbele ya watu. "Alimtoa mama yako motoni, halafu wewe unampeleka jela!"

"Angewasha wa nne, Quirin."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu aliwasha wa tatu."

Quirin aliondoka akipiga teke jiwe. Vroni alikwenda kujifungia chooni akalia hadi kengele ilipolia.

Kuhusu Kipaimara, hakutaka tena kuchagua mtu. Bi Afra ndiye aliyemjia mwenyewe, akitembea kwa gongo, nywele zake za mbele zikiwa bado zimeungua. "Nimesikia huna msimamizi," alisema. "Mimi ni mzee, nitasimama vibaya, lakini nitasimama." Vroni alimwomba msamaha kwa ajili ya ng'ombe. "Nilikuwa nawapenda," alisema kikongwe. "Lakini wewe sikudai kitu." Siku ya askofu alisimama, na mkono wake begani mwa Vroni ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia.

Kamanda Hubert aliandika barua ya kujiuzulu. Wanachama waliisoma, wakajadiliana jioni nzima, wakamrudishia: abaki mpaka mwisho wa mwaka, halafu wataona. Jumamosi ya kwanza ya Julai, aliwakusanya watoto mapema asubuhi.

"Leo hakuna mazoezi," alisema. "Chukueni koleo na matoroli. Tunakwenda kwa Bi Afra kuondoa vifusi."

Wazazi wengine nao walikuja, na Gerlinde alikuja akitumia mkono mmoja, bega la pili likiwa bado limefungwa. Walifanya kazi tangu asubuhi. Hapakuwa na mpiga picha, wala bendi, wala mtu wa kuwatazama. Kulikuwa na majivu, misumari iliyopinda, na harufu mbaya iliyowaingia puani. Kamanda alifanya kazi upande wa mbali kabisa, akiupa mgongo mlango wa nyumba. Tangu siku ya moto alikuwa hajathubutu kumwangalia Bi Afra usoni.

Walipopumzika kivulini mwa ukuta uliobaki, Quirin ndiye aliyeuliza lile ambalo wote walikuwa nalo kooni.

"Kamanda, nikuulize? Siku ile aliporudi ndani kumtoa Mama Vroni, alikuwa anaigiza?"

Watoto wote walishusha macho. Kamanda aliweka koleo chini.

"Nimemwuliza swali hilohilo," alisema. "Hapana. Siku ile hakukumbuka kama anatazamwa. Aliniambia, 'Baba, ile ndiyo mara ya kwanza mwaka huu niliyokwenda kwa ajili ya mtu.' Mara nyingine zote alikwenda kwa ajili ya macho ya watu watakaomwona akirudi. Mwaka jana tulimsifu kwa moto wa radi, mnakumbuka? Kisha kukawa kimya, hakuna moto, hakuna wa kumsifu. Akashindwa kuuvumilia ukimya."

Akajifuta jasho, akaendelea kwa sauti iliyokwaruza.

"Mnaambiwa hii ni kazi ya wito, na ni kweli. Lakini Mungu hamwiti mtu ili watu wampigie makofi. Anamwita kwa sababu kuna jirani aliye taabuni. Ukimpenda jirani yako, utaomba moto usitokee kamwe, na ukitokea utakwenda. Ukilipenda jina lako, utaanza kuutamani moto. Mwanangu alifika huko. Ameungama kwa padri na kwa polisi, atafungwa, nami nitamtembelea kila wiki kwa sababu ni mwanangu. Lakini na mimi nina kosa langu. Mafuta yalipungua nikaona, nikajifanya sikuona. Vroni ana miaka kumi na miwili. Alichelewa, akaogopa, lakini alisema. Mimi nina sitini na moja, na nilingoja mtoto aseme kwa niaba yangu. Kwa hiyo sikilizeni: mkiona moshi, msiulize kwanza ni nyumba ya nani. Semeni. Hata kama ni nyumba ya mnayempenda."

Quirin aliinuka, akaenda kwenye toroli la Vroni, akashika mpini mmoja.

"Peke yako utalipindua," alisema bila kumtazama. "Sogea."

Vroni akasogea.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bi Afra alisimama kizingitini, gongo mkono mmoja, mwiko mkono mwingine.

"Hotuba imekwisha?" aliita. "Supu inapoa."

Watoto walikimbia. Watu wazima wakawafuata. Kamanda peke yake alibaki amesimama kwenye majivu, akijifanya anatafuta kitu.

"Hubert!" kikongwe akaita tena. "Nimekuona tangu asubuhi unanigeuzia mgongo. Viganja vyako vimejaa malengelenge. Njoo uvioshe, ule na wenzako."

Kamanda alivua kofia. Alitembea uwanja mzima akiwa ameinamisha kichwa, na alipofika mlangoni, Bi Afra alisogea pembeni ili apite.